Kishazi Tegemezi

Alhamisi, saa moja usiku, chumba cha juu ya maktaba,
mjini Spalding, ambako ardhi imelala chali
na kabichi hazina mwisho.
Natafuta kalamu ya ubao. Nyekundu imekauka tangu Pasaka.

Naandika: *Baada ya mvua.*
Nauliza: nani kafanya nini?
Ilgvars, dereva wa foklifti, ananitazama
kama mtu aliyeulizwa umri wa ukuta.
Hakuna nani, anasema. Hakuna nini.
Basi hicho ni kirai, namwambia,
mzigo uliofungwa vizuri ukaachwa bila mchukuzi.

Naandika: *Kwa sababu mvua ilinyesha.*
Sasa tendo lipo, na mtendaji yupo,
ila sentensi ina mguu mmoja hewani.
Belmiro, kutoka nyuma: Ikawaje?
Naam! Ukijikuta unauliza "ikawaje",
umo ndani ya kishazi tegemezi.
Hakisimami peke yake. Kitabu kinasema hivyo,
nami nimesema hivyo miaka ishirini na sita:
tafuteni kishazi huru, hayo mengine ni majani ya koliflawa,
yavueni.

Majani wanayajua. Wanayavua zamu nzima,
kwa visu vilivyopinda, kwenye banda lenye baridi ya jokofu.

Ndipo Danguolė akatoa barua mfukoni mwa koti,
imekunjwa mara nane.
Sentensi moja, Mwalimu, akasema. Ukurasa mzima.
Nikainakili ubaoni, mkono ukanichoka njiani:

*Ingawa tunatambua kwamba umekuwa mpangaji wetu kwa miaka tisa,
na kwa kuzingatia kifungu cha nne cha mkataba
ambao ulitia saini mbele ya wakala wetu,
tutaitwaa nyumba,
isipokuwa kama deni, ambalo limeelezwa hapo juu,
litalipwa kabla ya tarehe thelathini.*

Wakaishambulia. Yordanka akakamata "ingawa" kwa shingo.
"Kwa miaka tisa", kirai. "Mbele ya wakala wetu", kirai.
"Ambao" akaburuta mkia wake wote hadi kwenye koma.
Walivua, walivua,
mpaka katikati ya ubao pakabaki kile cheupe:
*tutaitwaa nyumba.*
Kifupi kama kofi.

Jibu likipatikana, mimi husema "vizuri sana".
Ulimi ulikataa.
Bomba la joto likagonga ukutani mara mbili, likanyamaza.

Danguolė akainuka, akachukua kalamu nyeusi.
Hakupiga mstari chini ya maneno. Alizungusha duara:
*isipokuwa kama.*
Hiki, Mwalimu, hakiwezi kusimama peke yake?
Hakiwezi, nikasema.
Lakini mimi, akasema, nimesimama juu yake.

Sikuwa na sarufi ya kumjibu.
Nilisahihisha koma ambayo haikuwa na kosa.

Belmiro alikuwa akihesabu kwa vidole: tarehe thelathini ni Jumanne,
zamu tatu za usiku, na ya Jumapili hulipwa moja na nusu,
ukiipata. Hazikutosha. Akahesabu tena.
Ilgvars alikuwa bado anasoma ubao, midomo ikicheza.
"Litalipwa," akasema. Na nani?
Haijasemwa, nikamjibu. Ni kauli ya kutendwa, mtendaji hatajwi.
Akafikiri, kofia ikizunguka mkononi.
Hatajwi, akasema.
Basi anaweza kuwa yeyote.

Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Saa mbili na nusu nikafuta ubao, duara likagoma kufutika,
nikaliacha, darasa la ufinyanzi la Ijumaa washangae wenyewe.

Jumatano, tarehe thelathini na moja,
nikitoka dukani, nilipita njia ndefu,
ile ambayo hainipeleki kwangu.

Ghorofa ya pili, juu ya kinyozi.
Pazia la njano.
Nyuma ya pazia, taa.